Kumchagulia Baba Kisu

Wanaume wengi wanaotembea na kisu mfukoni hapa Kisumu hawana cha kukata. Nalisema hili wazi, kwa sababu mimi ni fundi wa makochi, kisu hakinitoki mkononi kutoka asubuhi hadi jioni, na watu hao nimewaona kwa macho yangu. Mtu anaketi kwenye benchi la karakana yangu kusubiri kochi lake, anachomoa kitu chenye mpini wa mabaka ya jeshi, tochi upande huu, kifungua chupa upande ule, dira ndogo kwenye kitako, kisha anakikunjua na kukikunja, chwak, chwak, saa nzima, bila kukata hata uzi. Siku moja nilimpa mmoja wao kipande cha sponji akate. Kisu kilikitafuna kile kipande kama mbuzi mwenye jino bovu. Nikamuuliza dira ni ya nini kwa mtu anayetoka mtaa wa Nyalenda kwenda mtaa wa Kondele. Akanuna, na kochi lake akalichukua bila kuaga.

Nina dharau, najua. Mke wangu ameniombea kwa hilo kanisani mpaka amechoka. Lakini dharau hii sikuiokota barabarani, niliirithi. Baba yangu alikuwa mvuvi na mshona nyavu, sasa anakaribia miaka tisini, na bado anaishi nyumbani kwetu, mwendo mfupi kutoka Luanda Kotieno, kule Rarieda kando ya ziwa. Alizidharau nyavu za nailoni zilipokuja, akazidharau injini za mashua, akaidharau feri ya Mbita kwa sababu watu wanapanda na viatu vikavu na kushuka na viatu vikavu, akawadharau wahubiri wanaotumia spika kuwahubiria watu kumi. Mimi alinidharau kwa kuacha ziwa na kwenda mjini kuwashonea watu vitu vya kukalia. Kila nilipoenda nyumbani aliniuliza kama watu wa Kisumu bado wanakaa.

Miaka miwili iliyopita alipigwa na kiharusi. Mguu wa kulia ulirudi nusu, anauburuta lakini unamfikisha anakotaka. Mkono wa kulia haukurudi kabisa. Katika hekaheka ya kumkimbiza hospitali, kisu chake cha kukunja, alichokuwa nacho tangu kabla mimi sijaanza shule, kilipotea. Hakuna aliyejua kama kilidondoka njiani au ndani ya gari. Wakati ule nani angeulizia kisu? Tulikuwa tunamuulizia yeye.

Aliporudi nyumbani, mke wa ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye anayemtunza, alianza kumkatia nyama vipande vidogo vidogo, vile anavyomkatia kitinda mimba wake. Baba alikula ameelekea ukutani. Akaacha kwenda matangani, akaacha mikutano ya ukoo, akisema watu wa siku hizi hawana maneno ya kusikilizwa. Sisi tulijua tatizo ni nyama. Katika boma letu wazee hawapelekewi nyama iliyokatwakatwa. Inakuja mapande makubwa, sinia moja kati ya watu wawili, na kila mzee anatoa kisu chake mfukoni. Asiye na kisu hungoja kukatiwa, na baba hakuwahi kungoja kukatiwa na mtu.

Ndipo binti yangu akapata mchumba. Familia ya kijana ni watu waliotoka milimani, Central, zamani, wameuza misumari, mabati na mabomba mjini Kisumu mpaka wamekuwa wenyeji kutuzidi. Sikuwa na neno na kijana. Neno nilikuwa nalo na babu yake. Mzee huyo aliwahi kuja karakana yangu kununua kochi la watu watatu, akanizungusha siku tatu nzima, akilikalia, akiinuka, akilikalia tena, akisema springi ya katikati inamwambia jambo, mpaka nikamwachia kwa bei ya mbao tupu ili aondoke. Nilimwona mtu bahili, mwenye kofia ya bahili na kicheko cha bahili. Sasa huyo ndiye angekuja kwetu kuongoza wageni wa mahari, na kwa kuwa ndiye mkubwa wao, angekula sinia moja na baba.

Baba alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hulifanya tu mtu akifa. Alisema mambo mawili. La kwanza, hatakatiwa nyama na mke wa mwanawe mbele ya wakwe; afadhali tuwaambie wageni kwamba yeye amekufa. La pili, nimletee kisu cha mfukoni, cha kukunja, kisizidi shilingi mia tano, kwa kuwa kisu cha bei kubwa ni cha kuibiwa. Nilimtajia kisu kizuri cha kawaida nilichokuwa nacho karakana. Akasema kisu kisichokunjika ni cha jikoni au cha mwizi, akakata simu. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia shemeji yangu. Mume wa dada yangu ni mwalimu, na kama walimu wengi ninaowajua, hawezi kuona mtu anatafuta kitu bila kumfundisha namna ya kukitafuta. Jioni ile ile simu yangu ilijaa video. Wazungu wenye ndevu wanakata karatasi hewani, wanakata nyanya kwa uzito wa kisu chenyewe, wanapigilia ncha kwenye mlango wa gari. Shemeji akanitumia majina ya vyuma yenye herufi na namba, na akanipendekezea kisu ambacho bei yake ingemnunulia baba kondoo dume na chumvi ya kumlia. Nilimkumbusha kuhusu mia tano. Akasema bei ya chini ndiyo umaskini wa fikra. Huyu ni mtu ambaye alipokuja kwangu kuchukua godoro alishindwa kukata kamba yake, akaing'ata.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Kibuye. Siku hiyo soko linafurika mpaka barabarani, na mtu mwenye subira anaweza kupata chochote kilichotupwa na watu wa nchi nyingine. Visu vya kukunja vilikuwa vingi, na karibu vyote vilikuwa takataka. Kulikuwa na vile vinavyong'aa kama vijiko vya harusi, vimeandikwa majina ya nchi ambazo havijawahi kuziona. Kulikuwa na vyembamba vya umbo la kadi, vya kuwekwa kwenye pochi, ambavyo ukikata ndizi vinapinda. Kulikuwa na kimoja chenye kiberiti cha gesi ndani ya mpini. Muuzaji wake, kijana mwenye miwani ya jua, aliniambia hicho ndicho wanachukua vijana. Nilimwambia nimeamini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na pale Kibuye vibaya vilikuwa vinatembezwa kwa kelele.

Mwisho nikafika kwa mama mmoja, naye mtu wa Central kwa lafudhi, aliyetandika turubai lake na kupanga spana, makufuli, koleo na visu vya mitumba bila kuita mtu. Hapo nikachuchumaa. Na sitasema uongo, nilijionyesha. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama, nami nikawapa darasa bila kuombwa. Nilishika kila kisu nikakitikisa sikioni nisikie kama bawaba inacheza. Nikakikunja nikaangalia kwa juu kama bapa linalala katikati ya mpini au linaegemea upande. Nikafungua, nikakandamiza mgongo wa bapa kwa kiganja nione kama kinajifunga chenyewe, maana kisu kinachojifunga kikiwa kazini kinakula vidole vya mwenyewe. Nikapitisha ukucha kwenye makali. Nilikataa tisa, na kila nilichokikataa nilikitolea sababu kwa sauti.

Cha kumi kilikuwa na mpini wa mbao nyeusi, shaba pembeni, bapa la chuma cheusi cha zamani kinachoshika kutu lakini kinashika makali pia. Urefu wake ulikuwa kidole changu cha kati. Bawaba yake ilikuwa ngumu. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote: ilibidi uingize ukucha kwenye kile kijimfereji kidogo cha bapa na uvute kwa nguvu, halafu linatoka polepole na kukaa mahali pake. Niliwaeleza waliosimama kwamba bawaba ngumu ndiyo alama ya kisu kilichotengenezwa na mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Mama aliniuliza kisu ni cha nani. Nikasema ni cha baba. Akauliza baba ana miaka mingapi na anafanyia nini. Nikamjibu kwamba nimekuja kununua kisu, si kuchukua kitambulisho. Alinitazama kidogo, akakifunga kwenye gazeti, akasema mia tatu na hamsini.

Nilikinoa jioni mbili. Kwanza jiwe la maji, kisha ngozi ya kochi iliyopakwa nta, mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono wangu. Wikendi iliyofuata nikampelekea baba. Nilikaa mbele yake, nikakitoa mfukoni, nikakifungua, nikakiweka mezani. Alikichukua kwa mkono wa kushoto. Akakigeuza, akakipitisha kwenye vinyweleo vya ule mkono uliokufa, vinyweleo vikaanguka. Kisha akasema kwa Kijaluo kwamba hiki kimenolewa na mtu. Katika miaka hamsini na saba ya maisha yangu hilo lilikuwa neno zuri kuliko yote baba aliyowahi kuniambia. Nikakichukua, nikakikunja, nikakitia kwenye mfuko wa shati lake, nikaurekebisha mfuko ukae sawa.

Nilirudi Kisumu kifua mbele. Nilimpigia shemeji simu makusudi, nikamwambia kuhusu mia tatu na hamsini.

Siku kumi kabla ya wageni nilienda nyumbani tena na viti na maturubai, bila kutoa taarifa. Baba hakuwa kwenye kiti chake cha barazani. Shemeji yangu wa kike, yule mke wa ndugu yangu, aliniambia yuko nyuma ya banda la mbuzi, na kwamba huenda huko kila siku na hataki kufuatwa. Nikamfuata.

Alikuwa amekaa juu ya gogo, amenipa mgongo. Kisu kilikuwa kimebanwa kati ya magoti yake. Alikuwa ameinama sana na mdomo wake ulikuwa kwenye kisu, na mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Kisha nikaelewa. Alikuwa anajaribu kulitoa bapa kwa meno. Sasa baba ni mtu wa rika lile la mwisho lililong'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa wavulana, kama ilivyokuwa desturi. Ya juu yapo, ya chini hayapo. Alikuwa analishika bapa kati ya meno ya juu na ufizi, anavuta, linateleza, anashika tena. Ufizi ulikuwa unatoka damu, na damu imeshuka mpaka kwenye shaba niliyoipenda.

Sikujua nirudi nyuma au niendelee. Alinisikia. Aliinua kichwa, akajifuta kwa bega, wala hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi.

"Umeniletea kisu cha mtu mwenye mikono miwili," alisema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemwambia kila mtu Kibuye kuhusu bawaba, kuhusu chuma, kuhusu mtengenezaji na usingizi wake, na kisu chenyewe nimekifungua kwa mkono wa kushoto na wa kulia mara mia, mbele ya mtu mwenye mkono mmoja, bila kuona mikono yangu inafanya nini. Nilimfungulia, akakisifu, nikamfungia. Wiki mbili nzima alikuwa ametembea na kisu chenye makali kuliko vyote Rarieda nzima na hajaweza kukitoa ndani ya mpini wake. Na hakusema, kwa sababu kusema kungekuwa kuomba.

Nilimwomba kisu. Akanipa. Nikaondoka siku hiyo hiyo, na njia nzima nilijitukana kwa maneno ambayo siku zote huwa nawawekea wengine.

Nilirudi kwa mama wa Kibuye siku ya kazi, soko likiwa tulivu. Nilimweleza habari yote, maana sikuwa na namna nyingine. Alinisikiliza huku akipanga makufuli yake.

"Ndio maana nilikuwa nauliza hiyo kisu ni ya nani," alisema. "Ukasema wewe si wa kitambulisho."

Nikauingiza mkono wangu wa kulia ndani ya mshipi wa suruali, nyuma ya mgongo, nikachuchumaa mbele ya turubai lake na kuanza upya kwa kushoto. Sijawahi kudhalilika vile. Visu vilinianguka. Kimoja kiliniingia kwenye kidole gumba, mama akanipa kitambaa. Wauzaji wa jirani waliacha kazi zao kuja kumwona mzee anayepigana na visu mkono mmoja umefungwa, na mmoja wao akauliza kama ni mazoezi ya kanisa. Vile vizuri, vya mbao na shaba, vilinikatalia vyote. Vyenye kijichuma cha kusukuma kwa kidole gumba vilikuwa vimewekewa upande wa mtu wa kulia. Vingine vilifunguka lakini kuvifunga kulitaka kidole kipite mbele ya makali, na mkono usio na mwenzake hauwezi kucheza mchezo huo.

Kilichobaki mwisho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Mpini wa plastiki, rangi ya karoti, mnene kama kipande cha sabuni. Kwenye bapa kuna maandishi makubwa ya uongo. Lakini bapa lilikuwa na tundu la duara, pana, pande zote mbili, na kidole gumba cha kushoto kikiingia pale na kusukuma, linafunguka. Kufuli lake lilikuwa mgongoni. Unalibonyeza, unauegemeza mgongo wa bapa kwenye paja, linarudi ndani. Ni aina ile hasa ya kisu ambacho mteja akikitoa kwenye benchi langu namcheka mpaka aondoke. Nilikifungua na kukifunga mara ishirini kwa kushoto, nikanunua.

Chuma chake kilikuwa laini, kilinisumbua siku nne kukipa makali, na nilijua hayatakaa. Nililegeza skrubu ya bawaba kidogo sana, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani. Nilipompelekea baba sikukifungua. Nilikiweka mezani kikiwa kimekunjwa nikatazama pembeni.

Alikitazama kwa muda. Akauliza kama kimetengenezwa na watu au na karoti. Kisha akakitia mfukoni, akaniambia niondoke, namzibia mwanga. Shemeji yangu wa kike alinipigia simu siku mbili baadaye kuniambia kwamba kuna mlio unatoka nyuma ya banda la mbuzi tangu chai ya asubuhi, chwak, chwak, na mbuzi wameanza kuuzoea.

Wageni walifika siku yao, magari matatu, wamevaa vizuri. Mazungumzo yalikwenda yalivyokwenda. Babu ya kijana alikuwa na kofia yake ile ile, na alibishana juu ya ng'ombe kwa utulivu ule ule aliobishania kochi langu, mpaka nikaingia jikoni ili nisimwone. Baba alimjibu neno kwa neno. Miaka miwili hakuwa amezungumza kiasi kile.

Kisha nyama ikaletwa. Wazee waliketi wawili wawili, mmoja wetu na mmoja wao, sinia katikati. Mbele ya baba na babu ya kijana liliwekwa pande la paja pamoja na mfupa wake. Mimi nilisimama mlangoni. Baba alitia mkono mfukoni, akatoa kile kitu cha rangi ya karoti, na kwa kidole gumba, bila hata kutazama, chwak, kikafunguka. Wazee wetu waliacha kunong'ona. Nilifurahi kama mjinga.

Akaweka makali kwenye nyama na kukata, na nyama ikazunguka.

Alijaribu tena. Lile paja lilikuwa limelainika na mafuta, likateleza kwenye sinia mpaka ukingoni, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha meza. Alijaribu kulibana kwa mfupa dhidi ya ukingo. Likageuka. Hapo ndipo nikaona nilichokifanya mara ya pili. Nilikuwa nimetafuta kisu kinachofunguliwa kwa mkono mmoja, na sikufikiria hata dakika moja kwamba nyama lazima ishikwe. Mimi ninayekata ngozi na sponji kila siku ya Mungu, mkono mmoja unakata, mwingine umeshika, na sikuwahi kuuona ule unaoshika. Uso wa baba ulikuwa umeanza kugeuka, unaelekea ukutani. Shemeji yangu wa kike alisogea kutoka jikoni na kisahani. Nilimzuia kwa mkono, bila kujua namzuia ili kitokee nini.

Babu ya kijana alikuwa anamweleza mzee wa pembeni habari za mabati, jinsi ya siku hizi yalivyo mepesi mpaka yanaimba mvua ikinyesha. Hakukatiza hadithi yake. Alinyoosha mkono, akaushika mfupa wa lile paja kwa vidole vyake vyote, akaukaza kwenye sinia.

"Kata, mzee," alisema, akaendelea na mabati.

Baba alimtazama. Niliogopa, namjua baba. Kisha akaweka makali kwenye nyama, na nyama ikakaa. Akakata pande moja zuri, akalisogeza upande wake. Alipotaka kuinua kisu, mzee yule hakuachia mfupa.

"Na mimi unikatie hapo karibu na goti," alisema. "Kisu yangu nimesahau nyumbani."

Chumba kizima kilisikia. Baba alimuuliza, kwa Kiswahili chake cha ufukweni, ni mwanaume gani anaenda kwa wakwe bila kisu. Mzee akasema ni uzee, akili inatoka. Baba akasema kwao huko milimani huenda nyama inaletwa ikiwa imeshatafunwa. Wageni walicheka, mzee mwenyewe akacheka kuwazidi, na baba akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Akamkatia. Walikula hivyo mpaka mfupa ukabaki mweupe, mmoja ameshika, mwingine anakata, na kila alipomkatia kipande baba alimwongezea tusi dogo la bure, naye akala vyote viwili. Kisahani kilirudi jikoni kama kilivyotoka.

Walipokuwa wakijiandaa kuondoka nilitoka nje kuwasindikiza. Babu ya kijana alikuwa ametangulia, amesimama peke yake kwenye ua wa miti, nyuma ya gari lao. Nilikuwa nimetunga maneno ya shukrani, na kwangu mimi hayo hayatungiki haraka. Nilipozunguka gari nilimkuta anachonga kijiti cha kuchokoa meno. Alikuwa anakichonga kwa kisu cha kukunja, cha mpini wa pembe, bapa limenolewa miaka mingi mpaka limebaki nusu ya upana wake, kisu cha mtu ambaye hajawahi kutoka nyumbani bila hicho. Aliniona nakiangalia. Alimaliza kijiti chake bila haraka, akakikunja kile kisu, akakirudisha kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Usiambie mzee," alisema.

Nilimfungulia mlango wa gari.